Mgeni Aliyepona

Bulyaga ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, katika nchi ambayo mvua hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na jua huhesabiwa kuwa mgeni. Migomba imezizunguka nyumba, na chai imetandazwa mashambani hadi upeo wa macho. Asubuhi ukungu unapoinuka, asimamaye kwenye miinuko ya mji huiona ardhi ikiteremka kuelekea kusini, kwenye joto la Kyela, mpaka Ziwa Nyasa. Barabara nayo huteremka. Hufika Kasumulu, huuvuka mto Songwe, na ng'ambo ya mto ni Malawi. Mbele yake kuna mji wa Karonga. Kinyakyusa cha huku na Kingonde cha kule ni ndugu wa karibu mno, hata mtu akalia msiba upande mmoja na mwombolezaji wa upande wa pili asihitaji mkalimani.

Katika mwaka 1888 nchi hiyo ya chini ilikuwa vitani, na katika vita hivyo alifika afisa mmoja ambaye hakuna aliyemtuma. Hakuwa na amri ya mfalme wake, wala kikosi, wala mshahara wa vita. Alikuwa amejitolea. Jina lake Frederick Lugard, kapteni wa jeshi la Uingereza, mwenye umri wa miaka thelathini.

Neno hili "kujitolea" ni zuri masikioni. Hunena juu ya mtu anayetoa nafsi yake bila kudai malipo. Lakini lina upande wake wa pili, ambao haushughulikiwi sana katika hotuba: anayejitolea kwenda ana uwezo pia wa kujiondoa. Maisha ya Lugard, tangu Karonga mpaka Buganda, ni somo refu juu ya upande huo wa pili.

Alizaliwa mwaka 1858 Madras, India, mwana wa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Alipitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akapigana Afghanistan, akapigana Sudan mwaka 1885, kisha Burma, ambako mwaka 1887 alitunukiwa nishani ya utumishi uliotukuka. Kwa hesabu ya dunia alikuwa kijana aliyenyookewa. Lakini India alikuwa amempenda mwanamke mmoja mapenzi ya kupindukia. Akiwa Burma alipata habari kwamba mwanamke huyo yu mahututi. Akaacha kila kitu akamfuata, mpaka Uingereza. Akamkuta yu hai, na moyo wake uko kwa mwingine.

Wapenzi wa mashairi hawana haja ya kufafanuliwa hali hiyo. Pwani ya Waswahili ina hazina ya tungo za waliokataliwa: mmoja hukonda, mwingine hukesha, mwingine humshtaki kipenzi chake mbele ya walimwengu kwa vina na mizani. Lugard hakuwa malenga. Yeye alichojua ni bunduki. Mwishoni mwa mwaka 1887 alichukua likizo ya jeshi, akapanda meli kwa nauli ya chini, akiwa na fedha kidogo na silaha yake, akienda popote penye vita ambavyo mtu angeweza kufa ndani yake kwa heshima. Alipita Massawa, akajaribu kujiunga na Waitaliano waliokuwa wakigombana na Wahabeshi, hawakumtaka. Akapita Aden, akashuka pwani ya Afrika ya Mashariki hadi Msumbiji. Huko ndiko alikosikia kwamba kaskazini ya Ziwa Nyasa kuna Waingereza wachache wa kampuni ya biashara wanaopigana na wafanyabiashara wa utumwa. Hapo majonzi yake yalipata kazi ya kufanya, tena kazi tukufu.

Hapana budi kueleza vita hivyo vilikuwa nini. Mlozi bin Kazbadema alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mtu wa mkondo ule ule wa misafara iliyotoka mrima kuingia bara. Alijenga boma lake Mpata, karibu na Karonga, kwenye njia iendayo Ziwa Tanganyika. Hapo mwanzo aliuza pembe kwa Kampuni ya Maziwa ya Afrika, kampuni ya Waskochi iliyokuwa na duka Karonga. Walikuwa wateja na wauzaji, si maadui. Kadiri nguvu zake zilivyozidi, akajiita sultani wa nchi ya Wangonde. Oktoba 1887 watu wake wa bunduki waliwavamia Wangonde waliokimbilia kwenye matete ya Kambwe, kando ya ziwa. Matete yalitiwa moto. Aliyeukimbia moto alikutana na risasi, na aliyeikimbia risasi alikutana na mamba. Msomaji wa pwani hana njia ya kulipamba tukio hilo, wala haifai alitafute.

Lakini haifai pia kuamini kwamba vilikuwa vita vya Waarabu na Wazungu tu, kama vilivyoitwa baadaye. Wahenga, kabila lililowahi kupewa hifadhi katika nchi ya Wangonde baada ya kuwakimbia Wangoni, walipigana upande wa Mlozi dhidi ya wenyeji wao. Jumbe wa Nkhotakota, ambaye naye asili yake ilikuwa pwani, hakumuunga mkono Mlozi. Na Novemba 1887, duka la Karonga lilipozingirwa, waliofika kuuvunja mzingiro walikuwa wapiganaji wa milimani, Wanyakyusa ambao Wazungu wa wakati ule waliwaandika kwa jina la Wamwamba. Majirani walikuwa wakiuana na majirani. Wageni wa pande mbili waliwapa baruti na kuvipa vita majina.

Ndipo alipofika kapteni. Alikabidhiwa uongozi wa kikosi cha Wazungu wapatao ishirini na kitu, na mamia ya Waafrika, wengi wao Watonga wa ufukoni mwa ziwa. Katikati ya Juni 1888 aliwaongoza kulivamia mojawapo ya maboma ya upande wa Mlozi. Maboma hayo yalijengwa kwa magogo yaliyosimamishwa na kukandikwa udongo, nayo yalikuwa imara kuliko yalivyoonekana. Lugard alikuwa mbele, ukutani hasa, risasi ilipompata. Risasi hiyo moja ilimpitia mikono yote miwili na kumjeruhi kifuani. Shambulio likashindwa. Kikosi kikarudi nyuma kikibeba majeruhi wake.

Aliyekuja kutafuta kifo alikuwa amekaribishwa mlangoni, na kifo kikamfungia. Alilala akiuguza mikono, na katika siku hizo za maumivu yalimtokea yale ambayo wengi waliojeruhiwa vitani huyasimulia: hamu ya kufa ilimtoka. Jeraha la mwili lilikuwa limelifunika jeraha la moyo. Alipopata nafuu alirudi kazini. Januari 1889 mzinga mdogo uliletwa, akaupigia boma la Mlozi; makombora yakapenya magogo na udongo yakatoka upande wa pili, na ukuta ukabaki umesimama. Baada ya miezi michache zaidi Lugard aliondoka. Vita vilikuwa havijashindwa wala havijashinda. Yeye alikuwa na mkono wa kushoto usiokuwa na nguvu zake za zamani, na alikuwa na sababu ya kuishi.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Karonga methali hiyo iligeuka. Mgeni alikuja, na aliyepona ni mgeni.

Mwenyeji je? Watonga waliopigwa risasi pamoja na kapteni hawakuandikiwa kitabu. Wangonde waliokimbilia kaskazini walikuwa bado hawana mavuno. Oktoba 1889 Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alifunga mapatano na Mlozi, naye Mlozi akaendelea kukaa Mpata miaka sita zaidi. Desemba 1895 Johnston alirudi na jeshi na mizinga. Boma lilianguka, Mlozi akakamatwa, akahukumiwa kwa haraka mbele ya machifu wa Wangonde, akanyongwa. Lugard hakuwako. Alikuwa amekwisha kupita katika vita vingine, vikubwa kuliko hivyo.

Kabla ya kuvieleza, yafaa kusimama kidogo pwani, kwa sababu huko Lugard alifanya jambo linalostahili kusemwa kwa haki. Mwaka 1890, akiwa sasa ameajiriwa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alijenga vituo kando ya mto Sabaki, nyuma ya Malindi. Huko kulikuwa na vijiji vya watoro, watumwa waliowakimbia mabwana zao, kikiwamo Fuladoyo. Alitunga mpango wa watoro kufanya kazi kwa ujira na kulipia uhuru wao kidogo kidogo. Mpango huo ulikuwa na mipaka yake, na bwana ndiye aliyelipwa. Lakini aliyeutunga alikuwa ameketi na watoro akasikiliza, na hilo halikuwa la kawaida kwa maafisa wa wakati ule. Mtu hawi upande mmoja tu.

Desemba 1890 aliingia Buganda na kupiga kambi juu ya kilima cha Kampala. Aliikuta nchi imechanika. Waganda waliofuata mapadri wa Kifaransa walikuwa wakiitwa Wafaransa, na waliofuata wamisionari wa Kiprotestanti wakiitwa Waingereza, ilhali wote walikuwa Waganda, wenye lugha moja, koo moja, na Kabaka mmoja, Mwanga. Waislamu walikuwa wamefukuzwa kwenye mji mkuu mwaka uliotangulia, baada ya kuishika nchi kwa muda mfupi. Mbegu za vita vya wenyewe kwa wenyewe zilikuwa ardhini, na kila mmoja alikuwa na bunduki.

Januari 1892 mtu mmoja aliuawa katika ugomvi wa bunduki. Hukumu ya Kabaka haikuuridhisha upande wa Waprotestanti wala haikumridhisha Lugard. Aligawa silaha kwa Waprotestanti. Tarehe 24 Januari pande mbili zilikutana Mengo, chini ya kilima chake, na kutoka juu bunduki ya Maxim ikafyatuliwa. Ilikuwa imechakaa, kwani ilikwisha kusafiri na Stanley katika safari ya kumtafuta Emin Pasha. Wakatoliki walishindwa. Kabaka alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe katika Ziwa Viktoria, na tarehe 30 Januari majeshi ya Kampuni yakakishambulia. Mitumbwi iliyojaa watu wanaokimbia ilizama. Wanawake na watoto walikufa maji.

Mtu aliyewahi kuwa mbele ya ukuta wa Karonga, mwili wake ukiwa dhamana ya amri yake, sasa alikuwa juu ya kilima na mashine. Hilo ndilo badiliko lililo kubwa katika maisha yake. Karonga alikuwa ameihatarisha nafsi yake mwenyewe. Mengo aliyehatarishwa ni Mganda wa upande huu na Mganda wa upande ule. Aliporudi Uingereza mwaka huo huo, alizunguka mijini akihutubia ili Uganda isiachwe, na mwaka 1894 nchi hiyo ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Wafaransa walidai fidia, na mwaka 1898 serikali ya Uingereza ikalipa pauni 10,000. Zililipwa kwa misheni. Waliozama Bulingugwe hawakuwa na balozi wa kuwadai.

Yawezekana msomaji akauliza: haya yote na Bulyaga wapi na wapi? Jibu liko katika karatasi mbili.

Karatasi ya kwanza wasomaji wa visiwani wanaijua vyema. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao kwa sehemu moja uliiweka Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza. Katika mkataba huo huo, mto Songwe ulifanywa mpaka. Kaskazini ya mto ilikwenda kwa Wajerumani, kusini kwa Waingereza. Wanyakyusa wa milimani, ambao miaka mitatu tu nyuma walishuka kuwaokoa waliozingirwa Karonga, wakaamka ni raia wa dola nyingine. Wajerumani walikuja kujenga boma lao Tukuyu wakaliita Neu Langenburg, na mji ukakua pembezoni mwake. Mzanzibari na Mnyakyusa, ambao pengine hawakuwahi kuonana, walikatwa kwa mkasi mmoja.

Karatasi ya pili ni kitabu. Lugard alikwenda Nigeria, akaitawala, akawa gavana wa Hong Kong, akarudi Nigeria, na mwaka 1922 akachapisha kitabu juu ya utawala wa Mwingereza katika Afrika ya kitropiki. Mafunzo yake yalijulikana sana: mkoloni atawale kupitia machifu wa wenyeji. Mwaka 1925 Donald Cameron, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, aliletwa kuwa gavana wa Tanganyika, na mwaka 1926 ikapitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Lugard mwenyewe wakati huo alikuwa mjumbe katika tume ya Umoja wa Mataifa wa zamani iliyosimamia nchi za udhamini, Tanganyika ikiwamo, akazisoma taarifa zake mwaka baada ya mwaka hadi 1936.

Sasa Rungwe haikuwa Nigeria ya Kaskazini, yenye masultani na makadhi wao. Wanyakyusa walikuwa na machifu wadogo wengi. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, na kizazi kilipokomaa, uongozi na ardhi viligawanywa kwa sherehe kubwa, ili chifu mzee awapishe wanawe. Uchifu ulikuwa kitu cha kugawanyika, kama mgomba unaochipua pembeni. Mpango uliobuniwa kwa ajili ya dola kubwa ulipofikishwa Tukuyu, ilibidi wachache wainuliwe juu ya wengi, wapewe mahakama na mishahara, na uchifu uwekwe kwenye daftari. Kilichokuwa kikichipua kiliwekewa uzio. Mamlaka hayo yalikaa mpaka Tanganyika huru ilipoufuta uchifu mwaka 1963.

Kwa hivyo kapteni aliyeondoka Karonga mwaka 1889 alirudi nchi hiyo bila ya kuikanyaga. Alirudi akiwa wazo. Na wazo, tofauti na mtu, halipigwi risasi ukutani, wala halilali likiuguza mikono na kufikiri upya.

Mwaka ule ule wa 1888, Lugard alipokuwa akivuja damu kando ya Ziwa Nyasa, vita vingine vilizuka mrima, watu wa pwani wakipambana na Wajerumani. Vita hivyo vilipata malenga wake. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu yake, na mpaka leo anayetaka kujua mambo hayo yalivyoonekana kutoka upande wa walioshambuliwa anao mlango wa kuingilia. Vita vya Karonga vimetufikia zaidi kwa kalamu za Waingereza: Fotheringham, wakala wa Kampuni, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1891, na Lugard mwenyewe, aliyechapisha vyake mwaka 1893. Ni vitabu vya watu mashujaa, na havikosi ukweli. Lakini ndani yake Mtonga aliyekufa ukutani ni tarakimu, Mngonde ni mkimbizi, na Mlozi hana usemi wake. Kupenda ushairi ni pamoja na kujua kwamba tukio lisilotungiwa na mwenyewe hutungiwa na mwingine, na kwamba shaha wa tungo hizo aghalabu ni yule aliyekuwa na meli ya kurudia kwao.

Lugard alifariki Uingereza Aprili 1945, mwenye umri wa miaka themanini na saba, akiwa bwana mwenye cheo, bila mtoto. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa jasiri, alichukia utumwa kwa dhati, na aliwapenda walio chini yake kwa namna ya baba asiyewauliza. Kosa lake lilianza mapema, siku aliyoamini kwamba kwa kuwa vita vya watu wengine vimemponya yeye, basi yeye ni dawa yao.

Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Mikono ya kapteni ilizikwa pamoja na makovu yake. Kovu jingine lingali linatiririka kati ya Kasumulu na Karonga, na wenyeji huliita Songwe. Anayetoka Bulyaga kwenda kumzika shangazi yake ng'ambo huamka alfajiri, huteremka na ukungu, hupanga foleni uhamiaji na kuonyesha hati zake. Kisha huvuka daraja, na hatua chache mbele yake huanza kusikia kilio kwa lugha anayoielewa.